Mafuta ya Lokichar bado yako chini, mbona wafugaji wamekwisha? Tuelezane

#1 Mwana wa Kalabata
Wadau, habari za jioni.

Nimetoka kwetu Lokichar, kaunti ya Turkana, majuzi kwa mazishi na kuna jambo linanisumbua. Mwaka 2012, Rais Kibaki alipotangaza kwamba mafuta yamepatikana kwenye kisima cha Ngamia-1, wazee wetu waliambiwa umaskini sasa basi. Leo maboma ambayo nikiwa mdogo yalijaa mbuzi yanaishi kwa kuchoma mkaa na kungoja unga wa msaada. Pale mjini nyumba za kulala wageni zilizojengwa enzi za pesa nyingi zimefungwa milango.

Swali langu ni moja. Je, mafuta ndiyo yaliyowamaliza wafugaji, au wangekwisha hata bila mafuta? Na kama ni mafuta, kwa njia gani hasa? Maana mafuta yenyewe hayajatoka. Iweje kitu kilichoko ardhini kiwe kimeshawaondoa watu malishoni?

Naomba waliokaa huko waongee kwanza.

#2 Bahari ya Bara
Napiga kambi hapa. Mimi ni wa Lamu, bomba la kusafirisha mafuta hayo ya Lokichar likijengwa mwisho wake ni kwetu, kwa hiyo nina haki ya kusikiliza.

#3 Hesabu Safi
Mleta mada, jibu ni ukame. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Wajir hakuna kisima cha mafuta kinachofanya kazi, Samburu hakuna, na mizoga ilijaa vilevile. Ukitaka kujua kama ni mafuta, linganisha na pasipo mafuta.

Halafu tazama ukubwa. Kaunti ya Turkana ina karibu kilomita za mraba 70,000. Kituo cha kisima kimoja ni hekta chache tu zenye uzio. Jumlisha vyote, bado ni tone.

#4 Binti Kochodin
Hesabu Safi, umepima ardhi kama mtu wa shamba. Hakuna mfugaji anayekaa kilomita 70,000 kwa wakati mmoja.

Mvua ikinyesha tunatawanyika, hapo kweli nafasi ni tele. Lakini kiangazi kikikaza, mifugo yote ya upande wetu inateremka kwenye laga ya Kalabata, yaani mto wa msimu, na vijito vyake. Pale unachimba mchanga unapata maji. Pale kuna miti ya ewoi, na mti huo huangusha maganda wakati nyasi zimekwisha kabisa, ndiyo yanayomvusha mbuzi mpaka mvua. Na miti hiyo ina wenyewe. Ni ekwar, kila familia inajua mti wake ni upi na mpaka wake uko wapi, babu kamwachia baba, baba kamwachia mwana. Mgeni anakuja anaona pori.

Sasa angalia visima vya Ngamia, Amosing na Twiga viko wapi. Vyote viko kwenye bonde hilohilo. Ukichukua hekta tano za mlima mkavu, hujamdhuru mtu. Ukichukua hekta tano za kiangazi, kisha ukapitisha barabara ya malori katikati, umemfungia mtu ghala wakati wa njaa.

Na mashauriano yalifanyika na nani? Na machifu, na madiwani, na watu wa Lodwar wenye simu. Wenye mifugo walikuwa malishoni.

#5 Pembe la Swala
Nakubaliana na #4 kwa kila neno. Mzee wangu aliporudi kutoka upande wa Lokori alikuta njia yake ya ng'ombe ina kizuizi na kijana mwenye fulana ya rangi kali akimwambia azunguke. Kijana mwenyewe ni mpwa wake.

#6 Hesabu Safi
Hoja ya mahali ina uzito, sikatai. Lakini bado hujaeleza vifo vya Samburu na Wajir.

#7 Binti Kochodin
Vifo vya Samburu vinaelezwa na ukame. Vyetu vinaelezwa na ukame uliotukuta hatuna pa kukimbilia. Ukame ulikuwepo tangu enzi za babu zangu, wakahama, wakapona wengi.

#8 Wakili wa Vumbi
Wakuu, ngoja niongeze upande wa sheria, maana hapo ndipo watu walipoachwa nyuma.

Zamani ardhi yote hiyo ilikuwa chini ya baraza la kaunti kwa niaba ya wananchi. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, ikasema ardhi ya jamii ni ya jamii. Sheria yenyewe ya kuisajili ikaja 2016. Yaani kati ya tangazo la Kibaki na sheria ile ni miaka minne, na miaka hiyo ndiyo visima vingi vilipochimbwa. Mpaka jamii isajiliwe, serikali ya kaunti ndiyo inayoshika ardhi kwa niaba yake, na fidia yoyote ikilipwa inakaa huko ikingoja usajili. Mwenye mifugo haioni.

Kusajili nako kuna shida yake. Unatakiwa mipaka, orodha ya wanajamii na kamati. Kwa mkulima ni rahisi. Kwa mfugaji, jirani yako anayekuja kwako mwaka mbaya na wewe ukaenda kwake mwaka mwingine mbaya, unamwandika orodha ipi?

Na msidhani ni mafuta peke yake. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ulioko Marsabit ulikalia ekari 150,000. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati zile zilipatikana bila kufuata sheria. Mitambo ilikuwa imeshasimama zamani.

#9 Mchunga Ngamia
Nyote mnazunguka. Jambo lililotumaliza ni bunduki.

Ufugaji wa kwetu ni wa kwenda pamoja, maboma mengi yanasafiri kama kundi moja na vijana wenye silaha wanatangulia. Wengi wa hao walikuwa polisi wa akiba, wale wasiolipwa mshahara, wamepewa bunduki ya serikali walinde mifugo ya kijiji. Kambi za uchimbaji zilipokuja, zilihitaji ulinzi, na zilikuwa na posho. Nani atakaa porini bure akipigwa jua wakati kambini kuna pesa na chakula? Kijijini kwetu bunduki ziliondoka moja moja mpaka malisho ya mpakani yakabaki bila mtu. Wachungaji wakaogopa kwenda. Nyasi zilikuwepo, ng'ombe wakafa njaa upande wa pili.

Huo ndio mfano wa mtu kupoteza malisho bila mtu yeyote kuyawekea uzio.

#10 Mlima Sekerr
Mchunga Ngamia, mimi ni Mpokot wa upande wa Kainuk na najua utakapofika, kwa hiyo nitangulie. Usalama ule uliharibika kwa pande zote mbili. Kabla ya mafuta, mpaka wetu nanyi ulikuwa wa wazee: mwaka wa njaa tunakaa, tunachinja, tunaruhusiana malisho. Tangu watu wasikie kuna mafuta, kila mwanasiasa ana ramani yake mfukoni. Kipande cha mawe ambacho hakuna aliyekitaka sasa kinapigiwa kelele bungeni. Kapedo watu wamekufa kwa ajili ya nani anakusanya kodi wapi.

Mifugo yetu nayo inaibiwa. Hilo halitangazwi redioni.

Na la mwisho: mpango wa kuyatoa mafuta hayo unataka maji ya bwawa la Turkwel yasukumwe kwa bomba mpaka Lokichar, yaingizwe chini kusukuma mafuta juu. Bwawa liko kwetu. Sisi tunakunywa wapi?

#11 Mchunga Ngamia
Sekerr, hilo la ramani ni kweli tupu. Hilo la maji inafaa tulijadili vizuri, maana na sisi tunaoishi chini ya mto Turkwel tunalitegemea bwawa hilo. Hilo la nani aliiba nini tuliache hapa, tutapasua uzi wa watu.

#12 Dereva wa A1
Mleta mada umesema mafuta hayajatoka. Yametoka, nimeyabeba. Juni 2018 Rais Uhuru alizindua usafirishaji wa majaribio, malori yenye matangi ya kuhifadhi joto, kwa sababu mafuta ya Lokichar ni mazito kama nta, yakipoa yanaganda. Kutoka Lokichar, Kitale, Eldoret, mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka na mapipa zaidi ya 200,000.

Na hata sisi tulizuiwa. Mwishoni mwa Juni 2018 wananchi walifunga barabara pale Lokichar, wakasema hakuna pipa litakalotoka wakati watu wanauawa na majangili na serikali inalinda malori tu. Malori yalisimama mpaka Agosti. Nililala pale na sikuona mtu akidai hisa. Walidai ulinzi. Kwa hiyo mimi nampa kura #9.

#13 Pembe la Swala
Dereva, na barabara? Niambie ukweli kama barabara mpya haikusaidia kitu.

#14 Dereva wa A1
Ilisaidia sana. Kabla ya lami, kutoka Kitale mpaka Lodwar ulikuwa unamwomba Mungu. Lami ilipofika, wanunuzi wa mbuzi wa bara walianza kufika wenyewe. Mfugaji aliyekuwa anauza kwa dalali mmoja sasa ana madalali watatu wa kushindana. Hilo tusilifiche kwa sababu tuna hasira.

#15 Bahari ya Bara
Wakili, nilisikia jamii inapata asilimia 10 ya mafuta. Kama ni kweli, shida iko wapi?

#16 Wakili wa Vumbi
Asilimia 10 ilikuwa kwenye mapendekezo ya awali na ndiyo iliyoleta mvutano wa miaka kati ya serikali kuu na Nanok, gavana wa Turkana wakati huo. Mei 2018 wakakubaliana, na Sheria ya Petroli ya 2019 ikasema hivi: serikali kuu 75, kaunti 20, jamii ya eneo 5.

Lakini soma vizuri. Hiyo ni 5 ya mgao wa serikali, baada ya kampuni kurudisha gharama zake na kuchukua faida yake. Sio 5 ya kila pipa. Na haiji mkononi, inaingia kwenye mfuko wa amana wenye bodi. Mfugaji aliyepoteza malisho 2013 anaambiwa angoje mgao wa mafuta ambayo hayajaanza kuzalishwa kibiashara.

Na "jamii ya eneo" ni nani? Anayeishi kando ya kisima, au yule aliyekuwa akija na ngamia kila kiangazi kutoka mbali? Hilo sheria haijalitafuna vya kutosha.

#17 Binti Kochodin
Naomba nirudi kwenye maji, kwa sababu nadhani hapo ndipo maisha yalipogeuka, na hakuna aliyeligusa.

Wachimbaji walipokuja waliweka matangi ya plastiki kando ya vijiji na maboza yakawa yanajaza. Ilikuwa neema kweli. Mama aliyekuwa akitembea asubuhi nzima akapata maji mlangoni. Nani angekataa? Familia zikaanza kusogea karibu na matangi. Kwanza wazee na watoto, kisha mbuzi wachache wa maziwa, kisha boma zima. Nakukulas ya utotoni mwangu na Nakukulas ya sasa ni vitu viwili tofauti. Shule ikaja, duka likaja, kanisa likaja, watu wakajenga.

Sasa mifugo mingi ikikaa mahali pamoja mwaka mzima, inamaliza majani ya karibu kwa muda mfupi. Miti ikakatwa kwa mkaa. Wale waliokuwa wanahama mara nyingi kwa mwaka wakawa hawahami. Halafu 2020 kazi zikasimama. Boza likaja mara moja moja, halafu likawa haliji. Tangi liko pale, tupu, na laga iko mbali, na mbuzi wamedhoofika hawawezi kutembea kuifikia.

Kwa hiyo Mwana wa Kalabata, jibu langu kwa swali lako la "kwa njia gani" ni hilo. Tulipewa sababu ya kutohama, kisha sababu ikaondolewa.

#18 Hesabu Safi
Hili la #17 ndilo la kwanza kunishawishi kidogo. Ingawa kukaa mahali pamoja kulianza kabla ya mafuta. Vituo vya kugawa chakula cha msaada vilifanya hivyohivyo tangu njaa za miaka ya 1960 na 1980. Matangi yaliongeza kasi tu.

#19 Binti Kochodin
Yaliongeza kasi mno. Usiseme "tu".

#20 Kiteto Yetu
Wakuu, mimi ni Mmasai wa Kiteto, Tanzania. Nafuatilia kwa sababu bomba la Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, linapita kwetu. Kilomita 1,443 zote, na 1,147 ziko Tanzania. Na lenyewe linapashwa joto, mafuta ya Uganda ni ya nta kama hayo ya Lokichar.

Kwetu njia ya bomba ni ya mita 30 kwa upana na bomba linafukiwa, kwa hiyo baada ya kufukiwa ng'ombe wanaruhusiwa kupita na kula juu yake. Ukilinganisha na kisima chenye uzio, afadhali. Taabu ilikuwa wakati wa ujenzi, mtaro ukiwa wazi. Wanaacha vivuko, lakini kivuko kinawekwa anapoona mhandisi. Ng'ombe ana njia yake. Na fidia walilipwa wenye mashamba na nyumba, maana shamba linahesabika, mti wa mwembe unahesabika. Malisho ya kijiji kizima yanahesabikaje? Ndugu zetu Waakie ambao wanaishi kwa asali na mizizi ndio walikuwa na wakati mgumu zaidi kueleza wamepoteza nini.

#21 Ziwa Mwitanzige
Aisee Kiteto, karibu. Mimi ni wa Buliisa, Uganda. Huku mafuta yalithibitishwa 2006, na miaka michache baadaye wafugaji wa Kibalaalo waliondolewa. Ukiuliza Mgungu mkulima atakwambia waliondolewa kwa sababu ng'ombe wao walikula pamba na mihogo ya watu. Ukiuliza Mulaalo atakwambia waliondolewa kwa sababu ya mafuta. Mimi niliyekuwepo naona yote mawili yalikuwa kweli, ila ugomvi wa mihogo ulikuwepo siku zote bila mtu kuondolewa na askari.

#22 Jani la Mkoma
Mmesahau adui mkubwa kuliko wote: mathenge. Mti ule uliletwa na miradi ya kuzuia jangwa, ukaenea kando ya mito yote, Turkwel na Kerio. Unakula malisho, unaziba njia, na mbuzi akila maganda yake kwa muda mrefu meno yanaoza. Wenzetu wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Huyo ndiye shahidi niliyempenda kuliko wote katika historia ya sheria ya Kenya.

#23 Pembe la Swala
Wakili wa Vumbi, ungemhoji vipi shahidi huyo?

#24 Wakili wa Vumbi
Ningemwomba afungue kinywa, kisha ningekaa chini.

Turudi kwenye mada.

#25 Chalbi Kavu
Kwetu Kargi, Marsabit, walichimba wakitafuta mafuta miaka ya 1980, wakakosa, wakaondoka. Mwaka 2000 mifugo kwa maelfu ilikufa baada ya kunywa maji ya kisima. Wananchi wanaamini ni taka za uchimbaji zilizofukiwa, na wanaohesabu ndugu waliokufa kwa saratani ni wengi. Wataalamu wengine wanasema ni chumvi za asili za ardhi ya Chalbi, naitreti nyingi mno. Watu wamekwenda mahakamani.

Ninachowaambia wa Lokichar: andikeni mapema. Pimeni maji yenu kabla ya uzalishaji kuanza, wekeni karatasi. Sisi tunabishana leo kwa sababu hakuna aliyepima maji kabla ya mtambo wa kwanza.

#26 Mwana wa Kalabata
Chalbi Kavu, pole sana na asante. Hilo la kupima maji sikuwa nimelifikiria.

#27 Nyumbani Rubkona
Mimi nimekulia kambi ya Kakuma, wazazi wangu ni Wanuer wa jimbo la Unity, Sudan Kusini. Kwetu mafuta yalikuja na vita. Watu waliondolewa miaka ya 1990 ili visima vipate nafasi. Sasa mafuriko makubwa ya miaka hii yamefunika malisho na madimbwi ya maji ya visima vya mafuta kwa pamoja, na ng'ombe wananywa humo. Mnapobishana ukame au mafuta, kwetu ni mafuriko na mafuta. Sioni kama vinatenganishika.

#28 Kibarua wa 2014
Nimesoma yote. Nilishika bendera barabarani miaka miwili, kazi ya kusimamisha magari. Mshahara wangu wa mwezi ulizidi bei ya mbuzi kadhaa. Oktoba 2013 vijana waliandamana kutaka kazi mpaka Tullow, kampuni iliyokuwa ikichimba, wakasimamisha uchimbaji kwa muda, na baada ya hapo ajira za wenyeji ziliongezeka, na mimi nikaingia.

Nitasema ambalo halitapendwa. Kazi ile ilinisaidia. Nilinunua mbuzi, nikamlipia dada yangu ada ya chuo cha ualimu, na leo yeye ndiye anayelisha nyumba. Wenzangu wengine walinunua pikipiki na kunywa iliyobaki. Lakini wote tuliacha kuchunga. Mdogo wangu aliyekuwa na miaka kumi wakati ule hajui mahali pa kuchimba maji kwenye laga, hajui nyota, hajui ng'ombe akikohoa namna hii ni ugonjwa gani. Kazi ilipokwisha nilirudi malishoni nikiwa mtu mzima anayefundishwa na watoto. Yeye hana pa kurudi.

Zabuni kubwa za magari na nyumba zilikwenda kwa watu wenye majina. Hilo kila mtu Lokichar analijua.

#29 Hesabu Safi
Basi tuna maelezo mangapi sasa? Malisho ya kiangazi, bunduki, matangi, mathenge, ajira, sheria, na ukame wangu ambao nyote mmeukimbia. Mimi bado naona bila misimu mitano kukosa mvua, Binti Kochodin asingekuwa na uzi wa kuandika.

#30 Mchunga Ngamia
Na bila bunduki kwenda kambini, ng'ombe wangu wangefika kwenye nyasi wakati wa ukame huohuo.

#31 Mwana wa Kalabata
Asanteni wote. Sasa la mbele. Africa Oil na Total, kampuni zilizokuwa wabia wa Tullow, walijitoa 2023, Tullow akabaki peke yake, na 2025 mali yake ya Kenya imenunuliwa na kampuni ya Gulf Energy. Mpango wa uzalishaji wa Tullow ulizungumzia mapipa milioni 585 na kilele cha mapipa 120,000 kwa siku, basi uzalishaji ukianza visima vitaongezeka. Wakili, mtu wa kijijini afanye nini kwanza?

#32 Wakili wa Vumbi
Kwanza usajili wa ardhi ya jamii, kabla visima vipya havijapangwa. Pili, mnapochora ramani msichore mipaka tu. Chora njia za mifugo, chora laga, chora ekwar za familia moja moja, na andika ni miezi gani zinatumika. Ukiandika "malisho" peke yake, tathmini itasema ardhi tupu. Tatu, ushauri wa Chalbi Kavu kuhusu maji, na mpimaji asiwe wa kampuni.

#33 Mlima Sekerr
Na njia za mifugo zinazovuka mpaka wa kaunti? Mtazichora mkitushirikisha au tutaziona gazetini?

#34 Binti Kochodin
Sekerr, kamati yetu imekwama hapohapo. Wazee wanataka majirani waandikwe kama watumiaji wa msimu, vijana hawataki hata kusikia, wanasema ukimwandika leo kesho atadai mgao wa ile asilimia 5. Mkutano mwingine ni baada ya mvua. Kama una mzee wa upande wenu anayekumbuka makubaliano ya zamani ya malisho, nitumie ujumbe wa faragha, tumwalike.

#35 Mlima Sekerr
Ninaye. Ila hatapita Kainuk bila ulinzi. Nani atamsindikiza?